Pumzi Kabla ya Kamba

Kwenye foleni ya posta, jua la mchana likiwaka, mwanamke mwenye gauni la kijani lililokunjamana alikuwa ameegemea sanduku jeusi lililomzidi kimo.

"Samahani dada, hilo jeneza lina mtu?" aliuliza mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Bado. Sogea nikupime."

Foleni nzima ikacheka. Ndani ya sanduku mlikuwa na chelo, fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Yule mtani, kumbe, alikuwa fundi sauti. Baada ya wiki tatu walikuwa studioni wakirekodi albamu ya mwanamke huyo: vipande vya Baroki, muziki wa Ulaya wa miaka mia tatu iliyopita, kila kimoja kikifuatwa na kazi ya mtunzi aliye hai. Asubuhi alifundisha shule, mchana alipiga hadi vidole vikaota sugu juu ya sugu.

"Pumzika, mpenzi," fundi alimwambia, akimkanda mabega.

"Nikipumzika sitaamka."

Wakapendana hivyo hivyo, katikati ya uchovu.

Siku albamu ilipokamilika, aliisikiliza jikoni kwake, hata viatu hajavua. Akampigia fundi simu.

"Pumzi zangu ziko wapi?"

"Nimeziondoa, laazizi. Zilisikika kabla ya kila..."

"Ndipo muziki unapoanzia! Umebakiza kamba na mbao. Mimi umenitupa."

"Jamani, si hivyo..."

Simu ikakatwa.

Siku kumi zikapita. Kiwanda cha kutengeneza CD kilitaka albamu Ijumaa. Alhamisi mchana mwanamke akajikokota hadi studio, achukue kazi yake akampe fundi mwingine. Alimkuta mpenzi wake na shati lile lile alilovaa siku ile ya posta, ndevu ovyo, na kwenye spika hakuna muziki, ni pumzi tu. Zake.

"Kwani hukuzifuta?"

"Nizifute mimi? Nimezitunza zote." Fundi akainamisha kichwa. "Ukilala begani kwangu unapumua hivyo hivyo. Nikaona wivu dunia nzima izisikie."

"Wewe mwanamume wewe! Wivu ndio uniharibie albamu?"

"Nimezirudisha kila moja mahali pake. Sikiliza."

Akakaa. Pumzi, kisha uta wa chelo ukagusa kamba. Kipande cha kale kikaisha, kipya kikaingia kwa pumzi ile ile. Kichwa chake kikaangukia bega la fundi.

"Nikuoe?" fundi akanong'ona.

"Niulize nikiamka."

Fundi akapunguza sauti ya spika, apate kuisikia ile ya begani.