Udongo Ndani ya Kiatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Umaya alipeleka kifungua kinywa karakanani: mkate wa tabuna, uliookwa kwenye tanuri la udongo, ulio moto bado, kikombe cha mafuta ya zeituni na harisa kidogo, ile pilipili ya kusaga, pembeni. Baba yake, Mundhir, alikuwa ameshakaa kwenye gurudumu tangu jua lichomoze. Mguu wake wa kulia ulisukuma gurudumu kubwa la chini, na mikono yake ikapandisha udongo juu, taratibu, mpaka ukawa mtungi. Mtaa mzima wa wafinyanzi wa mji wa Moknine ulifanya kazi hivyo hivyo, na mtu akipita asubuhi angesikia miguu ikisukuma kutoka kila mlango.

Asubuhi hiyo baba alikuwa ameshika mtungi uliokauka, anaugeuzageuza kwenye mwanga. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Si uuzibe kwa uji wa udongo, Baba? Hakuna atakayeuona."

"Tanuri litauona," alijibu baba. "Mimi naweza kukudanganya wewe, naweza kumdanganya mnunuzi. Tanuri halidanganywi, mwanangu." Akauponda mtungi na kurudisha vipande kwenye pipa la maji.

Umaya hakuwa na nafasi moyoni ya kusikiliza habari za mitungi. Alikuwa akihesabu siku. Zilibaki kumi na tisa tu kabla wachaguzi wa shule ya michezo ya Tunis hawajafika mjini kuwaona wasichana wa mpira wa mikono. Walichukua waliozaliwa mwaka mmoja tu, mwaka wake yeye. Mwaka uliofuata ingekuwa zamu ya waliozaliwa baada yake, na mlango wake ungekuwa umefungwa daima. Tangu akiwa na miaka saba hakuwahi kutaka kitu kingine duniani.

Na goti, jamani, goti lilikuwa halijatengemaa! Miezi saba nyuma alirukia goli, akatua vibaya kwa mguu wa kulia, kano ya goti ikachanika. Alifungwa bandeji ngumu, akatembelea magongo, akalia weee mpaka machozi yakakauka. Sasa alitembea vizuri na kukimbia vizuri. Lakini kocha Lotfi alikuwa ameshasema neno lake: "Bila karatasi ya Bi Hayet, huingii uwanjani. Usinibembeleze."

Bi Hayet ndiye mtaalamu wa viungo katika zahanati ya mtaa, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Mchana ule alimvua Umaya viatu na soksi, akambandika kibandiko chekundu juu ya pia ya goti, akamsimamisha kwa mguu mmoja juu ya kipandio kifupi.

"Shuka taratibu mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu, kisha panda. Mara tano. Mimi naangalia hiki kibandiko tu. Kikibaki juu ya kidole cha pili cha mguu, safi. Kikikimbilia ndani, si safi."

Mguu wa kushoto, mara tano zote safi. Mguu wa kulia, kibandiko kilikimbilia ndani kila aliposhuka, goti likitetemeka. Safi mara moja tu. Kisha akaruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo, Bi Hayet akapima kwa futi ya fundi cherehani: kushoto sentimita mia na kumi, kulia sabini.

"Lakini haliumi, Bi Hayet! Wallahi haliumi!"

"Nakuamini. Goti lako halijapona, limenyamaza tu. Ukilirukia hivi, litachanika tena, na safari hii vibaya zaidi. Nenda nyumbani, simama mbele ya kioo, shuka na kupanda kipandio mara thelathini kila siku. Polepole. Halafu lala ubavu, inua mguu, maana nyonga ndiyo inayoliongoza goti. Rudi baada ya siku kumi na nne."

Umaya alitoka pale amenuna. Shoga yake Siwar, mwenzake wa timu aliyekuwa akimngoja nje, alipoonyeshwa mazoezi hayo aliangua kicheko. "Haya si ya bibi yangu mwenye baridi yabisi? Utachaguliwa timu ya vizee!"

Jioni alimweleza baba yake. Mundhir akafuta mikono kwenye aproni, akatikisa kichwa.

"Kupanda na kushuka ngazi, hiyo dawa gani? Sikiliza. Babu yako Sasi alipiga gurudumu hili miaka hamsini, na goti lake lilikuwa chuma. Chuma! Mtaa mzima unajua. Kaa hapa, weka mguu, sukuma. Udongo utakuponya."

Alisema kwa mapenzi yote ya baba, na Umaya akamwamini, kwa sababu lilikuwa jibu alilolitaka. Kila siku baada ya shule alikaa kwenye gurudumu saa mbili nzima, mguu wa kulia ukisukuma na kusukuma. Paja lilijaa, akafurahi. Kile kipandio hakukigusa hata siku moja.

Siku ya kumi na mbili akajipima mwenyewe mbele ya kioo cha kabati. Alichora nukta kwa rangi ya midomo ya mama juu ya pia ya goti, akasimama kwenye kizingiti, akashuka. Nukta ilikimbilia ndani. Akarudia. Ikakimbilia ndani zaidi kuliko ile siku ya zahanati. Alirudia mara ishirini, jasho likimtoka, akilisihi goti kama mtu: "Tafadhali. Tafadhali, nakuomba, siku moja tu." Goti halikusikia. Akaketi sakafuni, akajifunika uso, akalia bila sauti ili mama asimsikie. Siku mbili! Ungefanya nini kwa siku mbili?

Ndipo shetani akamletea hila. Alikuwa amegundua kwamba akikanyaga kwa ukingo wa nje wa wayo, goti lilikaa mahali pake. Alikwenda karakanani, akakata kipande cha udongo nusu mkavu, akakichonga chembamba upande wa nje na kinene upande wa ndani, akakisokomeza chini ya soli ya ndani ya kiatu. Akavaa, akashuka kizingiti. Nukta ikatulia juu ya kidole cha pili. Alipaswa kufurahi, lakini alikivua haraka na kukificha chini ya kitanda.

Siku ya kumi na nne ilikuwa ya baridi na mvua. "Bi Hayet, nina mafua," alisema, na kukohoa kidogo. "Sakafu ni baridi sana. Naweza kubaki na viatu?"

Bi Hayet alimtazama, kisha akasema, "Baki navyo."

Mara ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Mpaka ya tano, safi. Umaya aliona kalamu ikitoka mfukoni mwa koti jeupe, moyo ukampasuka kwa furaha na hofu pamoja.

"Vizuri mno," alisema Bi Hayet. "Bado kuruka."

Kuruka! Alikuwa amesahau kabisa. Akavuta pumzi, akaruka, akatua kwa uzito wake wote. Ndani ya kiatu kitu kikavunjika, krak, goti likaporomokea ndani, maumivu yakamchoma kama sindano, akaanguka kwa mikono. Kiatu kilichomoka. Vipande vya udongo vikatawanyika juu ya vigae vyeupe.

Bi Hayet alikimbilia goti kwanza. Alilipapasa, akalikunja, akalinyoosha. "Alhamdulillahi, limeshtuka tu, halikuchanika." Ndipo akaokota kipande kimoja cha udongo, akakiweka kiganjani. Akamnyooshea Umaya kiganja hicho.

"Nilikuwa sina njia nyingine!" Umaya alilipuka kwa kilio. "Siku zimeisha! Nimesukuma gurudumu kila siku, saa mbili, Baba kasema linaponya, na goti limezidi kuharibika. Nilikuwa sina njia!"

"Gurudumu?" aliuliza Bi Hayet. "Twende ukanionyeshe."

Walipofika karakanani, Mundhir alisimama haraka akidhani mteja amekuja. Bi Hayet alimsalimu, akamweleza yote waziwazi, kisha akamkalisha Umaya kwenye gurudumu. "Sukuma mara mbili tu, polepole." Umaya akasukuma.

"Mzee Mundhir, mwangalie goti."

Mfinyanzi akainama. Kila mguu uliposukuma, goti lilijikunja kuelekea ndani, kila mara, bila kukosa. Mtoto alikuwa amelifundisha goti lake kosa lile lile maelfu ya mara.

"Goti zima huvumilia miaka mingi," alisema Bi Hayet. "Kwa lenye jeraha ni sumu. Hebu na wewe simama kwa mguu wa kulia, ukunje goti kidogo."

Mundhir alicheka. "Mimi? Mimi ni mtoto wa Sasi!" Akasimama kwa mguu mmoja, akakunja. Goti likatetemeka, likaingia ndani, na mzee mzima akashika ukuta asianguke. Kicheko kikamwishia. Alikaa juu ya mfuko wa udongo.

"Umaya," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Babu yako alisali juu ya kiti miaka tisa ya mwisho. Hakuweza kupiga magoti. Wageni wakiuliza, tulisema ni mgongo. Hatukutaka mtaa useme kwamba goti la Sasi limekufa. Tumelisema hilo la chuma mpaka mimi mwenyewe nikaliamini, nikakupa wewe liwe dawa." Machozi yakamtoka. "Mimi ninayeponda mitungi yenye ufa! Nisamehe, mwanangu."

Umaya hakuwahi kumwona baba yake akilia. Akamkumbatia na udongo wake wote. "Na mimi nilikudanganya, Bi Hayet," alisema huku amemshika baba. "Sina mafua."

"Najua," alijibu Bi Hayet.

Siku ya wachaguzi, Umaya alikaa jukwaani. Aliona jezi yenye namba yake mgongoni mwa msichana mwingine. Siwar alichaguliwa, akaja kumkumbatia, wakalia wote wawili, kila mmoja kwa jambo lake. Wachaguzi wa Tunis wakaenda zao, na nafasi ile haikurudi. Wiki ile hakutaka kula wala kusema, na hakuna aliyemwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Kisha baba akajenga kipandio cha matofali mlangoni pa karakana, shubiri moja kwenda juu. Akatundika kioo ukutani. Kila jioni Umaya alishuka na kupanda, baba akihesabu kwa tasbihi: "Ishirini na saba. Limeingia, hilo silihesabu. Rudia!" Zamu yake ilipofika, baba alipanda mwenyewe huku akilalamika, na Umaya akamlipizia: "Limeingia, Mzee wa Chuma. Rudia!"

Baada ya miezi mitano walikwenda zahanati pamoja. Mara tano zote zilikuwa safi. Katika kuruka, kushoto kulikuwa mia na kumi na mbili, kulia mia na saba. Bi Hayet akatoa kalamu na kusaini karatasi ya kocha Lotfi, ili Umaya arudi kuichezea timu ya mji.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia. "Ungeniambia kwamba unasukuma gurudumu, ningekuzuia tangu siku ya kwanza. Kipimo si adui yako, Umaya. Kinakuambia tu uanzie wapi. Anayekidanganya hamdanganyi mpimaji, anadanganya mguu wake mwenyewe, na mguu hausamehi."

"Kama tanuri," alisema baba kwa sauti ya chini.

Bi Hayet aliangalia dirishani, mvua ilikuwa ikinyesha. "Rudi mwezi ujao nikupime tena. Na kama sakafu itakuwa baridi, waweza kubaki na viatu."

"Hapana, Bi Hayet," alijibu Umaya, akiinama kuchukua soksi zake. "Nitavivua mlangoni."