Spika za Mzee Badu

Aliyenisimulia haya ni Ampofo, fundi wa kompyuta hapa mjini Koforidua, na tangu siku ile hajafungua kontena lake la kazi.

Mjane wa Mzee Badu alimletea laptopu kuukuu ya marehemu, betri ilishakufa. "Iwekee ule mfumo mpya mwepesi wa Linux, mwanangu. Ila wimbo aliojirekodi usiuguse. Jumamosi anatimiza mwaka tangu afariki, tutaupiga."

Mfumo ulikataa kuingia, diski imejaa. Ampofo akafuta kila kitu bila kunakili chochote. Laptopu ikawaka vizuri, ila ikawa bubu. Akang'oa spika zote mbili azikague.

Mama akaingia kabla hajazirudisha. "Wimbo upo?"

"Upo, mama. Spika tu ndizo zinazosumbua."

Alijiona mwizi. Alipotaka kukiri, umeme ukakatika na laptopu ikazimika. Nje wingu la mvua lilikuwa limetanda, kontena likawa giza tupu. Mtu akakohoa, kikohozi cha kizee, kisha akaanza kuimba taratibu.

"Ndiye," mama akasema huku akilia. "Mungu akubariki kwa kunitunzia."

Spika zilikuwa kiganjani mwa Ampofo, nyaya zinaning'inia, na zilikuwa zinatetemeka.