Dakika Kumi za Jovitus

Saa nne asubuhi. Chumba cha uani, Igogo.

Ndalahwa aligawa kazi kama alivyokuwa akigawa zamu kwenye kiwanda cha pamba, kabla hawajampunguza yeye na wenzake mia. Alichana karatasi tatu za daftari. Kila mtu akapata yake, maneno yale yale: kufuli, dakika tano. Kupakia, thelathini. Turubai na dizeli, kumi na tano. Kumsubiri Jovitus kona ya Mkuyuni, kumi. Kivuko cha Kigongo, saa kumi kamili. Kule Busisi mnunuzi wa mabondo makavu, vile vibofu vya sangara vinavyouzwa ghali, hangoji mtu.

Malimi, dereva, aliuliza nafasi ya kupumua iko wapi. Akaambiwa akapumulie ng'ambo.

Jovitus akacheka. Alikuwa shemeji wa Ndalahwa, kaka wa mkewe Getruda, na vitendawili havikumtoka mdomoni hata bastola ikiwa mezani.

"Kitendawili."

"Tega," Malimi akasema.

"Mgeni wangu nikimpikia anaondoka, nisipompikia anaondoka."

Malimi alishindwa. Ndalahwa alisema hawana nafasi ya michezo.

Saa nane kamili. Stoo ya mabondo.

Mlinzi alifungwa kamba, na kitambaa mdomoni, asiweze hata kukohoa. Kufuli ndilo lililokataa. Lilikuwa jipya, nene kama ngumi. Msumeno ulikula dakika ishirini na tano. Ndalahwa akatoa kalamu, akapunguza muda wa kupakia. Magunia hayajui kusoma. Yalibaki mazito vile vile. Akafuta kufunga turubai. Akafuta kuongeza dizeli. Jasho likadondokea wino.

Jovitus alibaki kurudishia mlango ili pasionekane kitu. Angekatisha relini kwa miguu, awakute kwenye kona.

Saa tisa kamili. Mkuyuni.

Hapakuwa na mtu. Malimi akapunguza mwendo.

"Tumsubiri?"

Ndalahwa akatazama karatasi. Mstari wa kufuta ulibaki mmoja. Asubuhi Getruda alimshika mkono mlangoni, akamwambia arudi na kaka yake, asirudi peke yake.

"Kanyaga."

Kwenye kioo cha pembeni Jovitus alichomoza kati ya vibanda, mkono juu, anakimbia. Malimi alimwona. Ndalahwa alikuwa anaangalia saa.

Saa kumi kasoro dakika moja. Kigongo.

Lori lao lilipanda la mwisho. Mbele basi, kushoto gari la ng'ombe, kulia chuma na maji. Hata mlango haukufunguka vizuri.

Kivuko hakikuondoka.

Saa kumi na dakika tano. Saa kumi na robo. Malimi alimuuliza baharia mmoja, akajibiwa kwamba redio imesema wasubiri gari la wakubwa. Ndalahwa alikuwa anahesabu. Dakika kumi za shemeji yake zilipita mbele ya macho yake, zikapita kumi nyingine.

Saa kumi na dakika ishirini na tano, Landrova ya polisi iliteremka taratibu, ikaziba njia nyuma yao. Jovitus alikuwa ndani, mikono kwenye pingu. Mlinzi alikuwa amejinasua, akapiga kelele, na askari walimkuta Jovitus bado kwenye kona. Mmoja wao alishika karatasi ya daftari waliyomkuta nayo, mwandiko wa Ndalahwa umenyooka: Kigongo, saa kumi kamili.

"Nilidhani mnageuza, shemeji," Jovitus akasema. "Nikasimama pale pale, kama ulivyoandika."

Ndalahwa aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Jovitus akaendelea:

"Na yule mgeni wa kitendawili changu ni wakati. Hukunipa hata mji."

Askari alitazama saa yake, akaegemea mlango wa lori. Hakuwa na haraka.