Aliyekula Chakula cha Bosi na Popi

Kila asubuhi Ndila aliwasha moto, akachota maji kwenye pipa, kisha akawafungulia mbuzi. Kwa miaka kumi alizifanya kazi hizo huku mbwa wawili wakimzunguka miguuni. Bosi alikuwa mweusi na mzito. Alipenda kutembea mbele ya mbuzi kama mwenye shamba. Popi alikuwa wa rangi ya udongo, na alichechemea mguu wa nyuma tangu alipogongwa na bodaboda kwenye barabara ya Masii. Mumbua, binti wa pekee wa Ndila, alijifunza kusimama kwa kushika masikio ya Bosi.

Mbwa hao walikufa asubuhi moja. Mtu ambaye hadi leo hajulikani alitega nyama yenye sumu ili aue mbweha waliokuwa wakila kuku. Bosi na Popi waliiokota wakala. Bosi alifia mlangoni. Popi alijikokota hadi chini ya ghala la mahindi, akafia huko.

Muthoka, mume wa Ndila, aliwazika nyuma ya jiko akisaidiwa na jirani yao Kalunde. Huko kwao Mwala ardhi ni ngumu, na kabla hajafika mbali jembe liligonga mwamba. Shimo likawa la kina cha magoti. Aliwafunika kwa udongo, akanawa mikono, akaenda kazini.

Ndila hakulia mbele za watu. Alijua wangesema nini. Mtu mzima hamlilii mbwa. Lakini siku ya nne, alipopakua muthokoi wa jioni, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mkono wake ulipakua pia fungu la mbwa, kama ulivyozoea. Alilitazama fungu lile kwa muda. Kisha akalitia katika sufuria yao ya zamani, akaenda kuliweka juu ya kaburi.

Asubuhi sufuria ilikuwa tupu, imerambwa ikang'aa. Tena haikuwa kaburini. Ilikuwa mbele ya mlango wa jiko, pale Bosi alipozoea kuisukuma kwa pua akitaka kuongezwa.

Ndila aliiokota akaishika kifuani. Jioni ile akaijaza tena.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alama za nyayo zilitoka kaburini, zikazunguka nyumba, zikaja hadi kizingitini. Mbuzi walikataa kupita nyuma ya jiko, hata walipochapwa. Siku moja Mumbua alirudi kutoka shule akasema kuna kitu kinapumua chini ya ghala. Walipoinama kutazama, hawakuona kitu. Mchanga tu ulikuwa umebonyea, na ulikuwa na joto.

Kisha udongo wa kaburi ukaanza kutitia. Kila asubuhi shimo dogo upande wa kichwa lilikuwa limepanuka kidogo, kama vile aliyemo ndani anatoka na kurudi.

Muthoka hakupendezwa. Alimwambia mkewe aache jambo hilo, maana chakula kinachowekwa nje hualika wengi, na si wote wanaokuja kwa wema. Ndila alimjibu kwamba waliokuja ni wao, naye anawajua. Muthoka akatoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kupita njia ya mbele.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Muthoka alikwenda sokoni Masii. Ilikuwa saa sita za mchana. Jua lilikuwa kali na hakuna jani lililotikisika. Ndila alikuwa uani akipeta mbaazi. Ghafla aligundua kwamba kuku wamenyamaza wote kwa pamoja. Akainua macho.

Mbwa alikuwa amesimama juu ya kaburi.

Alikuwa wa rangi ya udongo. Alipopiga hatua, mguu wake wa nyuma ulichechemea. Hakubweka, wala hakumtazama Ndila. Alitazama mahali katikati yao, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine amesimama pale. Taya lake lilikuwa limelegea, na udenda mrefu ulining'inia bila kukatika.

Moyo wa Ndila uliruka, na mwanzoni ilikuwa furaha.

"Popi?" aliita.

Mbwa alijibu. Sauti yake ilianza kama ya mbwa, ikamalizika kama ya mtu anayekabwa koo. Ndila alitaka kusema neno, lakini Mumbua alikuwa amesikia jina, naye alitoka ndani mbio, mikono wazi.

Mbwa hakunguruma. Alimuuma mkono, akamwachia, akaendelea na safari yake kama asiye na habari. Mbele yake kulikuwa na ua wa miiba. Hakuuzunguka. Aliingia moja kwa moja katikati ya miiba ile, akatokea upande wa pili akivuja damu, akateremka kuelekea mto wa mchanga, uliokuwa mkavu msimu huo.

Ndila alimbeba Mumbua hadi jikoni. Alama nne za meno zilikuwa kwenye mkono, chini ya kiwiko. Ndila aliwaza kuweka pilipili na mafuta ya taa, kama nyanyake alivyokuwa akifanya. Tayari alikuwa na chupa mkononi Kalunde alipoingia. Jirani huyo alikuwa pia mhudumu wa afya ya jamii. Alikuwa ameona yote kutoka shambani kwake.

"Weka hiyo chini, mama Mumbua," alisema. "Sabuni iko wapi?"

Ndila alimpa kipande cha sabuni ya kufulia. Kalunde alisema hiyo inatosha. Alimwambia Ndila amwage maji ya mtungi juu ya kidonda bila kusimama, naye akawa anapaka sabuni na kuosha. Aliweka saa ya simu yake ihesabu dakika kumi na tano. Mumbua alilia. Maji yalitiririka. Kalunde alieleza kwamba pilipili, mafuta ya taa, majani na jiwe jeusi la kufyonza sumu havisaidii, na vingine hukiumiza kidonda zaidi. Maji na sabuni huondoa virusi vingi vya ugonjwa kabla havijaingia mwilini.

"Ugonjwa gani?" Ndila aliuliza. "Huyo ni Popi, Kalunde. Amerudi. Amekosea tu."

Kalunde hakuacha kuosha.

"Popi nilimfukia mimi na baba Mumbua," alisema kwa upole. "Nilimshika miguu. Huyu sikio lake limekatwa, hukuona? Huyu ni mbwa wa mtu, na ako na kichaa."

Dakika zilipokwisha, hawakukifunga kidonda kwa kitambaa. Waliita bodaboda wakaenda hospitali siku hiyohiyo, bado mchana. Muuguzi alimdunga Mumbua dawa kuzunguka kidonda, na chanjo begani. Aliandika kadi: chanjo ya kwanza leo, kisha siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane. Ndila aliuliza itakuwaje akikosa moja. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna hospitali itamponya. Kabla hakijaanza, tunaweza kukizuia. Tuko na nafasi hiyo moja tu. Usikose hata siku moja."

Jumatatu alikuja Nzomo, afisa wa mifugo. Yule mbwa alikuwa amepatikana amekufa katika mto wa mchanga. Kinywa chake kilijaa mchanga na vijiti. Watu walikuwa wamemzunguka, lakini Kalunde alikuwa amewakataza kumgusa. Nzomo alivaa glavu, akachukua kichwa ili kipelekwe maabara. Majibu yalipofika baadaye, yalikuwa yale waliyoyahofia.

Jumatatu hiyohiyo Nzomo aliomba aonyeshwe kaburi. Alichuchumaa hapo kwa muda mrefu, akisoma nyayo.

"Hizi ni za mbweha," alisema akionyesha. "Hizi za mbwa, wawili au watatu. Huyu hapa ni paka. Wamekuwa wakifukua kwa sababu shimo ni fupi, na harufu inawavuta. Sufuria wanaisukuma wakiilamba, hadi kwenye harufu ya jiko. Mchana kuna mmoja alikuwa akilala chini ya ghala yenu."

Ndila alikuwa amesimama nyuma yake. "Hawakurudi, basi?"

Nzomo alifuta mikono yake taratibu.

"Waliokuja walikuwa na njaa, mama. Ni hayo tu."

Kisha akaeleza. Chakula kikiwekwa nje, wanyama wasio na mwenyewe hukutana hapo. Hugombana na kuumana, na ugonjwa huhama kutoka mmoja hadi mwingine. Mbwa aliyekufa, hasa kwa sumu, asishikwe kwa mikono mitupu. Azikwe kina cha kiuno, na mawe yawekwe juu. Aliuliza kama Bosi na Popi waliwahi kuchanjwa. Ndila alisema mara moja, walipokuwa wadogo. Nzomo akatikisa kichwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, kwa mbwa na kwa paka, kuanzia miezi mitatu.

Muthoka na Nzomo walichimba shimo jipya mahali penye udongo laini, wakawahamishia mbwa humo. Ndila alisimama kando hadi jiwe la mwisho lilipowekwa. Safari hii alilia, na hakuna aliyecheka.

"Kuna neno moja limebaki," Nzomo alisema alipokuwa akiondoka. "Yule mbwa alikuwa na mwenyewe. Huyo mtu pengine amelambwa, pengine ameumwa. Hajui."

Maneno hayo yalimnyima Ndila raha. Kesho yake, Mumbua alipokwisha kudungwa chanjo ya pili, alimfuata Kalunde, wakavuka mto. Walipita boma kwa boma wakiuliza habari za mbwa wa rangi ya udongo mwenye sikio lililokatwa. Siku ya pili walifika kwa mzee Nzuki, aliyeishi peke yake. Bakuli la maji lilikuwa limewekwa mlangoni. Mzee alisema ni la Askari, mbwa wake. Alikuwa amepotea.

Kalunde alimpa habari polepole. Mzee aliketi kwenye kigogo. Alisimulia kwamba siku za mwisho Askari hakuweza kumeza.

"Nilidhani amekwamwa na mfupa," alisema. "Nikaingiza mkono nitoe."

Alinyoosha mkono wa kulia. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu dogo, jekundu bado. Zilikuwa zimepita siku kumi na moja.

Alikataa kwenda hospitali. Kidonda kilikuwa kimepona, alisema, na Askari hakuwa mbaya. Kalunde alimweleza kwamba kidonda hupona juu huku ugonjwa ukitembea ndani, wiki nyingi, hata miezi, bila ishara yoyote. Akamwuliza kama mkono unamwasha, na kama anaweza kunywa maji. Mzee alichota kikombe cha maji mtungini akakiinua mdomoni. Wanawake wale wawili walitazama koo lake. Kwa kitambo halikusogea.

Mzee akameza. Akameza tena, mpaka kikombe kikaisha.

Ndila alitoa kadi ya Mumbua akaiweka mkononi mwake.

"Mzee, mimi nilimwekea chakula mbwa aliyekufa," alisema. "Nilimngoja kila jioni. Nilipoona mwingine nikamwita kwa jina lake, na mtoto wangu akaumwa. Askari hakukutaka mabaya, ni kweli. Lakini aliyekuuma siku ile ni ugonjwa, na ugonjwa hauna habari kwamba ulimpenda."

Mzee Nzuki aliigeuza kadi huku na huku. Hakujua kusoma vizuri, lakini alizitambua tarehe. Mwishowe akainuka akatafuta kofia yake. Kabla ya kutoka, alimwaga yale maji ya mlangoni.

Hospitalini muuguzi alisema amechelewa, lakini amewahi. Tangu siku hiyo, Mumbua na mzee walisindikizana hadi kwenye benchi la chanjo, hata siku isiyokuwa ya mmoja wao. Njiani mzee alimsimulia habari za Askari, jinsi alivyochukia mvua na kuogopa kondoo. Mumbua alimsimulia za Bosi na Popi. Ndila alikuwa akisikiliza. Aligundua kwamba anaweza kucheka. Nyumbani nao wakaanza kuzungumza juu ya mbwa wao wakati wa chakula, na Muthoka akawa msimuliaji kuwashinda wote.

Mumbua alimaliza chanjo zake. Mzee Nzuki alimaliza zake. Miezi ikapita, na hakuna aliyeugua.

Mwaka uliofuata Nzomo aliendesha siku ya chanjo kwenye uwanja wa shule. Kalunde alikuwa amezunguka boma zote kuwaita watu. Mbwa walikuja kwa kamba, kwa minyororo, wengine kwenye mikokoteni ya punda. Ndila aliandika kadi. Mzee Nzuki alifika akiwa na kitoto cha mbwa ndani ya koti, jike la rangi ya udongo. Alisema amewaletea, akimaliza chanjo awe wa Mumbua.

Ndila alishika kalamu. "Jina?"

Mzee alimtazama Mumbua. "Muite Popi, mjukuu wangu. Amefanana naye."

Mumbua alimchukua kitoto yule akamchunguza uso, masikio, na miguu yote minne.

"Hapana, babu," alisema. "Popi ni jina la Popi. Huyu ni Mbaazi."

Ndila akaandika: Mbaazi, miezi mitatu, amechanjwa.