Chapuchapu na Jiwe la Ndege

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alifua soksi zake, akanywa chai wima wima, kisha akakimbilia maktaba ya makumbusho, alikofanya kazi mama yake mdogo. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, na wala hawakumwonea. Hata kitabu alikianzia katikati.

Siku hizo alikuwa akijifunza maandishi ya kale ya Misri, yale yenye ndege, macho na nyoka. Alitumia kitabu cha sarufi na kamusi kuukuu, nene kama tofali. Msimamizi wa makumbusho alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi atakayeweza kusoma jiwe jipya lililoletwa lenye maandishi hayo ndiye atakayewasomea wageni Jumamosi. Chapuchapu aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

Lakini maneno aliyoyapata jiweni hayakuwamo hata moja kwenye kamusi. Basi akajazia ya kwake.

"Haya, linasemaje?" msimamizi alimuuliza darasa zima lilipofika makumbusho.

"Mfalme alikula samaki, akavimbiwa!"

Msimamizi akainama, akalikagua jiwe. "Mwanangu, samaki mwenyewe yuko wapi hapa?"

Wenzake waliangua kicheko. Chapuchapu akakiri: "Nimemtunga, mzee. Nilishindwa kusoma."

"Ahsante kwa kusema kweli. Jumamosi haijafika. Rudi kitabuni."

Mama mdogo alimpokea mlangoni pa maktaba. "Utangulizi umeusoma?"

"Mama mdogo, ule hauna picha!"

"Na wewe huna samaki. Kaa chini."

Akasoma kurasa zile kavu huku akipiga miayo mpaka taya zikalia. Ghafla akaruka kitini. Kumbe mstari huanzia upande ambao ndege wanatazama! Kitabuni walitazama kushoto, lakini jiweni walitazama kulia. Siku zote alikuwa akianzia mkiani! Akaanza upya, na safari hii kamusi ikamjibu neno baada ya neno.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Chapuchapu alisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila alama: "Mkate na nyama kwa karani wa hekalu."

"Kumbe sisi makarani tulianza kula zamani!" mgeni mmoja alipaza sauti. Ukumbi mzima ukacheka, kisha makofi yakarindima.

Msimamizi akawageukia wanafunzi. "Mwenzenu alikubali kusema ameshindwa, akarudi ukurasa wa kwanza. Elimu haitaki mbio, wala haitaki kutungiwa samaki. Sasa niambieni, nani mwingine hajasoma utangulizi?"

Wote wakatazama viatu vyao. Chapuchapu akawasogezea kitabu, taratibu kabisa.