Apeli ya Monsieur Guylain

Rafiki yangu Micheline anafundisha shuleni huko Mabanga, na si mutu wa kutunga mambo. Asubuhi moja alienda tu paroasi, kwa mapadri, kuazima projekta, kwa sababu profesa mumoja aliye Ubelgiji alipaswa kueleza wanafunzi wa Micheline juu ya volkano kwa video ya moja kwa moja. Walifunika madirisha na mablanketi, darasa likawa giza kabisa.

Uso ulipotokea ukutani, Micheline aliutambua. Profesa alikuwa Monsieur Guylain, mwalimu wake wa zamani kule Masisi, amenona, amevaa tai. Ni yeye aliyewaambia wanafunzi wake wakati wa vita: «Mungoje humu darasani, ninarudi na gari.» Hakurudi. Micheline peke yake alitorokea dirishani. Wenzake walitii, na hakuna aliyeonekana tena.

«Bonjour, watoto,» akasema. «Tuanze na apeli, niite majina kama zamani.»

Akasoma jina la kwanza. Halikuwa la mutoto yeyote wa darasa lile, lakini sauti ndogo ilijibu: «Présent.» Ilitoka huko kwake Ubelgiji, nyuma ya kiti chake.

Akasoma la pili, la tatu. Yote yalijibiwa. Micheline aliyatambua moja moja, kwa mpangilio ule ule wa zamani. Monsieur Guylain hakugeuka hata mara moja.

Mwishoni akasoma: «Micheline.»

Rafiki yangu alifunga kinywa kwa mikono miwili. Nyuma ya kiti, sauti yake mwenyewe ya utoto ikajibu: «Présente.»