Mchoro wa Mwanamke Anayeshona

Kufuli lilikuwa zima, funguo zilikuwa mahali pake, lakini kabati lilikuwa limeibiwa kitu.

Mkaguzi Ghaliya wa polisi wa Ibra, Oman, alichutama nyuma yake. Ubao wa mgongo ulikuwa umefunguliwa, na skurubu zote zimewekwa ndani ya kikombe cha kahawa. Hapakuwa na mkwaruzo. Mtaalamu wa alama za vidole alitikisa kichwa. Mwizi alivaa glavu.

"Humu mna nini?" Ghaliya alimuuliza Zakariya, msimamizi wa nyumba ile ya nyaraka.

"Makaratasi ya Velmin, mwanadiplomasia wa Kirusi. Alikuwa ubalozini Zanzibar baada ya Mapinduzi. Akagombana na serikali yake, akakimbia. Uzeeni alihamia hapa Ibra, akafia hapa."

"Kimeibiwa nini?"

"Mchoro mmoja wa penseli. Mwanamke anashona."

"Telegramu zake za siri?"

"Zipo zote."

"Pasipoti?"

"Ipo."

Ghaliya alisimama. Nani aache siri za dola, achukue mshonaji?

"Kuna mtu aliyewahi kuuulizia mchoro huo?"

"La." Zakariya alijibu haraka mno.

"Na kabati hili, nani kalitengeneza?"

"Fundi Harub, wa Izki."

Ghaliya alitia hati ya upekuzi mkobani, akaendesha gari mpaka Bidbid, akageuza kuelekea Izki. Njia nzima mwanamke yule hakumtoka akilini.

Harub alikuwa mzee mwembamba, amekaa mlangoni mwa karakana yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Tafadhali, kahawa."

"Baadaye. Nimefuata mchoro."

Mzee hakukana. "Umo ndani. Nimeutia fremu."

"Uliuonea wapi?"

"Kwa Zakariya, nilipokwenda kupima masanduku ya yule Mrusi. Alifungua moja mbele yangu. Nikamwona mama."

"Una hakika gani?"

"Kovu lile la kidevuni. Tena anashona kwa mkono wa kushoto." Alijigusa kidevu. "Baba alinileta Oman nikiwa mdogo. Mama alibaki Unguja kumuuguza bibi, aje baadaye. Akafa huko. Hatukutoka na picha hata moja. Wallahi, mwanangu, uso wake ulikuwa umeshanipotea. Nikifumba macho naona leso yake tu."

"Kwa nini hukuomba?"

"Nimeomba! Nilitaka kuupiga picha kwa simu, basi. Zakariya akasema hairuhusiwi. Jumapili makaratasi yote yanapelekwa Ulaya. Nikamwambia huyu mama yangu. Akasema nilete ushahidi."

"Ukaamua kuiba."

"Ndiyo. Nyuma ya mchoro wamebandika maneno: 'Mwanamke asiyejulikana.' Nikasema, mama hawezi kwenda ugenini hivyo, na mimi mwanawe nipo hai."

Ghaliya aliingia ndani. Mwanamke wa penseli alikuwa ameinamia sindano, midomo imebana kicheko. Alimtazama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Babu, itabidi twende kituoni. Na huu ni kielelezo."

"Najua."

"Kielelezo hupigwa picha." Alitoa simu. "Nitamwomba hakimu nakala moja ibaki kwako. Na Zakariya atanieleza kwa nini alinidanganya."

Kisha alikaa kwenye benchi la fundi, akafungua karatasi ya maelezo.

"Jina la mwanamke wa mchoroni?"

Mzee alifuta machozi kwa kiganja, akakaa sawa.

"Khole binti Himid," alisema. "Andika vizuri."